Metali Ziungazo Gesi Kuwa Plastiki

Ethilini ni gesi. Molekuli zake zikiungana kama pete za mkufu, huwa plastiki. Jambo hilo liligunduliwa Uingereza mwaka 1933, lakini lilihitaji joto kali na shinikizo lipitalo lile la hewa zaidi ya mara 1,000. Tena mikufu ilitoka na matawi, plastiki ikawa laini.

Huko Mülheim, Ujerumani, Karl Ziegler na wenziwe walikuwa wakirefusha mikufu hiyo kwa alumini. Mara moja mkufu ulikoma baada ya ethilini mbili tu. Walipochunguza, wakaona masalio ya nikeli chomboni. Hawakuridhika kuisafisha tu, bali walizijaribu metali za jamaa yake. Na mwaka 1953 titani ikatenda kinyume, ikaunga mikufu mirefu iliyonyoka kwa shinikizo la kawaida.

Sababu ni kwamba atomu ya titani ina nafasi tupu. Ethilini hukaa hapo, kisha huingia kati ya metali na mkufu, nayo nafasi huachwa kwa ijayo.

Mwaka 1954, Giulio Natta wa Milano aliunga propilini vivyo hivyo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Ndoo na mabomba mengi ya plastiki ni matunda ya masalio yale ya nikeli.