Nakala ya Faili ni Mali ya Nani?

Mkulima wa mkonge huko Korogwe hahitaji kupanda mbegu. Juu ya mlingoti wa mkonge uliokomaa huota miche midogo, na kila mche hurithi tabia za mama yake. Hata hivyo, mche ukihamishiwa shamba la jirani, mwenyewe huwa ni jirani. Je, nakala ya faili la kompyuta nayo hubadili mwenyewe?

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari iliyoko Kilole, ambayo walimu na wanafunzi wake hutumia kompyuta moja. Humo mna faili la alama za mtihani, mali ya mwalimu wa taaluma. Mifumo inayofuata desturi ya Unix, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, huambatisha kwa kila faili namba ya mwenyewe, namba ya kikundi, na ruhusa. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, na kutekeleza 1. Basi ruhusa 640 maana yake ni kwamba mwenyewe husoma na kuandika (4 + 2), kikundi husoma tu, na watu wengine hawaruhusiwi lolote.

Mifumo ya faili kama ZFS, iliyotolewa mwaka 2005, na Btrfs, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2009, ina njia ya kunakili bila kuandika upya data. Nakala na asili hushirikiana vipande vile vile vya diski. Vipande 3 kati ya 10,000 vikibadilishwa, data ya vipande hivyo 3 tu ndiyo huandikwa mahali papya. Vile vya zamani hubakia kwa ajili ya nakala.

Lakini kushirikiana data si kushirikiana umiliki. Mtumiaji wa kawaida akinakili faili moja, hupatikana faili jipya, na mwenyewe ni yeye aliyenakili. Mfumo mzima ukipigwa picha, kila faili ndani ya picha hubaki na mwenyewe na ruhusa zilizokuwapo saa ile.

Hapo ndipo penye hatari. Tuseme Jumatatu mwalimu alikosea akaweka ruhusa 644, usiku mfumo ukapigwa picha, na Jumanne akarekebisha kuwa 640. Faili la leo limefungwa, lakini lile la pichani lingali na 644. Mwanafunzi akiweza kuifikia picha hiyo, atazisoma alama za wenzake. Dawa ni msimamizi kuifunga kwa ruhusa 700 folda inayopitiwa kufikia picha, au kuifuta picha yenyewe.

Tena, mfumo hutambua namba, si jina. Picha ikihamishiwa kompyuta nyingine, namba 1001 iliyokuwa ya mwalimu yaweza kuwa ya mwanafunzi, naye akawa ndiye mwenye faili. Ni lazima namba zilinganishwe kwanza.

Zoezi: Faili lina ruhusa 750. Eleza nani anaruhusiwa kufanya nini.