Fundi amekuongezea farasi 30? Mwambie akuoneshe kipimo

Na Mwandishi Wetu, Kigali

FUNDI amefungua boneti, amechomeka waya kwenye kompyuta ya injini, amebonyeza vitufe kwa nusu saa, kisha anamwambia mteja kuwa gari lake limeongezeka nguvu za farasi 30. Mteja anawasha, anakanyaga mafuta, gari linaruka. Analipa na kuondoka akitabasamu.

Swali ambalo wateja wengi hawaulizi ni hili: hizo farasi 30 zimepimwa wapi, na kwa chombo gani?

Swali hilo lina uzito mkubwa zaidi hapa Kigali kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Magari yetu yametoka pande nyingi pamoja na wenyewe: mengine Uganda, mengine Tanzania, mengine Kongo na Burundi, mengine Ulaya. Kila moja lina karatasi zenye hesabu yake ya nguvu. Isitoshe, mji wenyewe uko juu milimani, na injini huvuta hewa nyepesi.

Farasi ni wengi, hawafanani

Kipimo hiki kilianzishwa na James Watt wa Uskoti katika karne ya 18, alipotaka kuwaeleza wateja wake mashine yake ya mvuke ingefanya kazi ya farasi wangapi. Farasi wa Kiingereza ni wati 746. Farasi anayetumika Ujerumani, Ufaransa na Japani ni wati 735.5. Tofauti yao ni ndogo, kama farasi mmoja na kidogo katika kila mia.

Kuna farasi wa tatu, anayewachanganya wengi wanaovuka kwenda Goma na Bukavu. Huyu ni farasi wa kodi. Kule Kongo kodi ya barabarani ya gari hupangwa kwa hesabu hiyo, na haisemi injini inatoa nguvu kiasi gani. Gari lililoandikwa farasi 10 kwenye karatasi ya namna hiyo linaweza kuwa na injini ya farasi 100 na zaidi.

Wamarekani nao walijichanganya wenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, magari yao yenye injini kubwa yalitangazwa kwa nguvu iliyopimwa injini ikiwa peke yake mezani, bila egzosi kamili, bila feni na vifaa vingine. Mwaka 1972 wakaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Chevrolet Corvette yenye injini ya LT-1 iliyotangazwa farasi 330 mwaka 1971 ikatangazwa farasi 255 mwaka uliofuata. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kupima, si injini.

Wajapani walikwenda kinyume. Kuanzia mwaka 1989 viwanda vyao vilikubaliana kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280 kwa soko la nyumbani, makubaliano yaliyodumu hadi mwaka 2004. Baadhi ya magari ya mbio ya miaka hiyo yalikuwa na nguvu zaidi ya ile iliyoandikwa. Anayenunua gari la zamani la Kijapani akaambiwa na fundi kwamba ameliongezea farasi 20 juu ya 280 za kiwandani, huenda amelipia farasi aliokuwa nao tangu mwanzo.

Mlima unakula nguvu

Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mama anayechemsha chai hapa, maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa sababu hewa imepungua uzito. Injini nayo inaionja tofauti hiyo. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Gari lenye farasi 100 pale bandarini Mombasa, likifika Kigali linabaki na kama 85.

Kwa hiyo mwenye gari anayesema limechoka tangu alivuke mpaka, mara nyingi gari halina ugonjwa wowote. Limepanda mlima tu. Injini yenye turbo huumia kidogo zaidi kwa upole, kwa kuwa turbo inaweza kusukuma hewa zaidi kufidia ile iliyopungua.

Mashine ya kupimia, na hesabu yake

Chombo halisi cha kupimia nguvu huitwa dainamomita. Gari hupandishwa juu ya magurudumu ya chuma, likakimbizwa pale pale lilipo. Nyingine hupima kwa kuangalia magurudumu hayo mazito yanavyoongeza kasi. Nyingine huyafunga breki na kupima injini inavyopambana nayo. Mashine mbili tofauti zinaweza kutoa majibu mawili tofauti kwa gari lile lile. Ndiyo maana kipimo cha kabla na cha baada ni lazima vifanyike kwenye mashine moja, ikiwezekana siku moja, injini ikiwa na joto lile lile.

Tahadhari: magurudumu ya chuma unayoyaona kwenye kituo cha ukaguzi wa magari yanapima breki. Hayapimi nguvu ya injini. Asikudanganye mtu kwa karatasi ya breki.

Jambo la pili ni kwamba dainamomita ya namna hii hupima nguvu iliyofika kwenye matairi. Sehemu ya nguvu ya injini huliwa njiani na gia, shafti na difu. Fundi akichukua namba ya kitabu cha gari kuwa ndiyo ya kabla, kisha akaikadiria upya namba ya matairi kuwa ndiyo ya baada, anaweza kupata faida yoyote anayoitaka.

Jambo la tatu linatuhusu sisi wa milimani hasa. Mashine hizi huwa na hesabu ya marekebisho, inayokadiria gari lingetoa nguvu gani kama lingepimwa karibu na usawa wa bahari. Kwa Kigali marekebisho hayo huongeza karibu asilimia 20. Kwa injini isiyo na turbo, hesabu hiyo ni ya haki. Kwa yenye turbo inaweza kulipamba gari kupita kiasi, maana turbo tayari imefidia sehemu ya upungufu. Na ikiwa kipimo cha kabla kimetolewa bila marekebisho na cha baada kimetolewa nayo, gari la farasi 150 litaonekana limepata farasi 30 bila kuguswa. Omba karatasi zote mbili, zisome juu na chini.

Kipimo cha maskini

Asiye na mashine anaweza kupima kwa saa na akili. Tafuta barabara tambarare nje ya mji, pale kibao kinaporuhusu kilomita 80 kwa saa, asubuhi na mapema magari yakiwa machache. Tumia gia moja tu, kwa mfano ya tatu. Msaidizi apime sekunde kutoka kilomita 40 hadi 80.

Hesabu ni hii: uzito wa gari kwa kilo, zidisha kwa 0.25, gawa kwa sekunde. Gari la kilo 1,500 likitumia sekunde 5, jibu ni farasi 75. Hiyo ni wastani wa nguvu iliyoliongezea gari kasi, bila kuhesabu upepo na msuguano, hivyo usiifananishe na kitabu. Ilinganishe na kipimo chako mwenyewe. Likitumia sekunde 4.6 baada ya kazi ya fundi, jibu ni kama 81 na nusu. Umepata farasi 6 na ushei.

Lakini angalia. Kidole kikichelewa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, umepotosha farasi 3. Ukipima kwanza na abiria wawili na tangi limejaa, kisha ukapima tena peke yako na mafuta kidogo, gari "litaongeza" farasi 8 hivi. Na barabara inayoinama mita 1 tu katika kila mita 100 inatoa au inakula farasi 3. Katika nchi ya vilima elfu, usiamini macho yako kuhusu tambarare. Pima kwenda na kurudi, mara tano kila upande, chukua wastani. Na kumbuka kamera za barabarani hazijui kwamba unapima.

Kuruka kwa gari peke yake si ushahidi. Kompyuta inaweza kubadilishwa ili kukanyaga kidogo kufungue hewa nyingi. Gari litahisi jepesi, ilhali nguvu yake ya juu kabisa haijaongezeka hata chembe.

Kwa wenye malori

Mfanyabiashara wa Rusumo au Gatuna ajiulize anachonunua. Lori la tani 40 likipanda mlima wa mita 5 kwa kila mita 100, kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa, linahitaji kama farasi 148 kwa kubeba uzito tu. Ukiongeza nguvu kwa asilimia 10, litapanda kwa kilomita 22. Mlima wa kilomita 5 uliokuchukua dakika 15 utakuchukua karibu 13 na nusu. Umeokoa dakika moja na nusu. Foleni moja ya mpakani inaimeza.

Gharama yake ni nini? Dizeli ikiongezwa bila hewa ya kutosha hutoka moshi mweusi, joto la egzosi hupanda, turbo na pistoni huumia. Moshi huo utakutana nao tena siku ya ukaguzi.

Gari la petroli lina mtego wake. Likirekebishwa hadi mwisho wa uwezo wake kwenye hewa nyepesi ya Kigali, likishuka Dar es Salaam linakutana na hewa nzito. Injini hujaza zaidi, huanza kugonga, na kugonga huko hutoboa pistoni. Mwambie fundi mapema kuwa gari linashuka pwani, na utumie petroli ya kiwango kilichokusudiwa.

Kabla ya kutoa fedha, basi, kubalianeni mambo manne: kipimo cha kabla, kipimo cha baada kwa chombo kile kile, namba ya matairi isiyopambwa, na programu ya awali ya kompyuta ihifadhiwe ili iweze kurudishwa. Fundi mwenye kazi nzuri hatakataa, kwa kuwa kipimo kinamtangaza yeye. Anayekataa amekwisha kukujibu.