Tiketi ya Sh1,500, safari ya Sh5,200: Hesabu ya shabiki wa muziki kutoka Mwatate

Kijana mmoja wa bodaboda hapa Mwatate aliniandikia hesabu yake nyuma ya risiti ya petroli. Desemba alikuwa ameteremka Mombasa kwenye tamasha. Kiingilio, Sh1,500. Matatu ya Voi kwenda na kurudi, 400. Basi la Voi hadi Mombasa kwenda na kurudi, 1,200. Tuktuk za mjini, 500. Chakula na maji, 600. Chumba cha kulala, 1,000. Jumla Sh5,200.

“Mzee, si bango lilisema 1,500?” aliniuliza, nusu kwa utani.

Bango halikudanganya. Lilitaja bei ya getini tu, na kwa mtu wa huku hiyo haifiki hata theluthi moja ya gharama. Shabiki wa Nyali au Likoni akitoka uwanjani saa tisa usiku anapanda tuktuk na kulala kwao. Wa kwetu hana pa kwenda. Treni ya SGR inayosimama Voi huondoka Miritini saa mbili asubuhi, basi ama ukodi chumba ama ukeshe kwenye benchi umekumbatia simu yako. Na tukumbuke ni nani anayelipa. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa shambani asiye na ujuzi kilipandishwa Novemba 2024, na bado hakikufika Sh8,000 kwa mwezi. Usiku mmoja wa muziki unameza zaidi ya nusu yake.

Sasa tuifungue hiyo Sh1,500 tuone inaenda wapi. Mwandalizi akiwa amesajiliwa kulipa VAT, asilimia 16 imo ndani ya bei, yaani kama Sh207. Kampuni inayouza tiketi kwa simu nayo inachukua chake. Kinachobaki ndicho cha kulipa wasanii, vyombo vya sauti, jenereta, walinzi, kibali cha kelele kutoka kaunti na leseni ya hakimiliki ya muziki. Msanii akitoka nje ya nchi, malipo yake hukatwa kodi ya asilimia 20. Wengi wao husema wanataka fedha zao kamili mkononi, kwa hivyo kodi hiyo inamwangukia mwandalizi: ili msanii apate Sh1,000,000 safi, mwandalizi hana budi kutenga Sh1,250,000. Hiyo 250,000 inarudi kwako wewe mnunuzi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Matamasha yetu mengi makubwa hufanyika kwenye viwanja vya wazi. Chris Brown alipokuja Mombasa Oktoba 2016, alitumbuiza katika uwanja wa gofu. Mahali pa namna hiyo jukwaa, uzio, vyoo na taa huletwa kwa malori, vikatumika usiku mmoja, vikaondolewa. Kigali wana BK Arena, ukumbi wa watu 10,000 uliojengwa tayari, na ndiko Kendrick Lamar alikotumbuiza Desemba 2023. Sisemi huko tiketi ni za bure. Ila sisi tunajenga ukumbi na kuubomoa kila mara, na gharama hiyo tunaigawana getini.

Kwa nini anayenunua mapema hupunguziwa? Mara nyingi msanii hutaka malipo ya awali kabla ya kuthibitisha tarehe, na mwandalizi hana fedha hizo. Tiketi za kwanza ndizo zinazomwezesha. Kwa maneno mengine, wewe unamkopesha, na punguzo ndiyo faida ya mkopo wako. Hatari yake ni kwamba tamasha likiahirishwa, fedha zako zinaweza kuwa zimekwisha kuingia mfukoni mwa mtu mwingine. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari kamili na ya kufidiwa hasara, lakini haki hiyo ni ngumu kuidai ukiwa umefuta ujumbe wa M-Pesa. Uhifadhi. Na picha ya tiketi uliyotumiwa na rafiki wa rafiki usiilipie: alama ile husomwa mara moja tu, na picha hiyohiyo inaweza kuwa imeuzwa kwa watu watano. Atakayetangulia getini ndiye atakayeingia.

Wengine huuliza, kwa nini wasituletee shoo huku huku? Sensa ya 2019 iliihesabu Mwatate watu 81,659, na Taita Taveta nzima watu 340,671. Mombasa peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.2. Mwandalizi akiangalia tarakimu hizo, na umbali kati ya Taveta, Wundanyi na Voi, anakunja mkeka wake. Inauma kidogo, maana Fadhili William, mwimbaji aliyeupeleka wimbo wa “Malaika” mbali, ni mzaliwa wa kaunti hii hii.

Tuje kwenye tisheti. Sokoni, kwenye rundo la mitumba, nimewahi kuokota fulana nyeusi ya ziara ya muziki: mbele picha ya bendi, mgongoni orodha ndefu ya miji ya Marekani na tarehe zake. Muuzaji alitaka Sh150, hakujua ni nini na wala hakujali. Huko ilikotoka, fulana kama hiyo si mchezo. Katika ziara ya Taylor Swift ya 2023 na 2024, fulana ya kawaida iliuzwa dola 45, yaani karibu Sh5,800 za kwetu. Safari nzima ya yule kijana pamoja na chumba haifiki hapo!

Bei ile haitokani na pamba. Anayevaa ananunua ushahidi kwamba alikuwepo. Tena kumbi nyingi za kule hujikatia sehemu ya mauzo ya fulana, ndiyo maana mwaka 2023 kampuni ya Live Nation ilitangaza kuacha kuwakata wasanii katika kumbi zake ndogo. Kwetu mambo ni kinyume: nje ya geti utakuta vijana wanauza kofia na fulana zenye jina la msanii, zimechapishwa bila yeye kujua, na hapati hata ndururu. Ukitaka fedha zako zimfikie, nunua meza ya ndani, au ulizia kwenye kurasa zake mwenyewe. Kama shida yako ni fulana tu, mitumba ipo.

Yule kijana amepata akili mpya. Wakikodi matatu ya abiria 14 kwa Sh21,000, kwenda na kurudi usiku uleule, kila mmoja anatoa 1,500. Hakuna basi, hakuna tuktuk, hakuna chumba. Ukiongeza kiingilio na chakula inakuwa Sh3,600 badala ya 5,200. Nimemwambia dereva lazima alale mchana kutwa. Mpaka jana walikuwa wamejiandikisha 11, na wanatafuta watatu.