Ugali umeuacha, lakini mahali pake umeweka nini?

Dada mmoja mwenye miaka 38 alikuja kwangu na daftari. Kila alichokula kwa wiki tatu kilikuwemo humo, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: mayai, parachichi, mchicha wa nazi, kipaja cha kuku. Ugali hakuna, wali hakuna, chapati hakuna. Siku kumi za mwanzo alipungua kilo tatu, akafurahi. Wiki ya tatu, akiwa jimu anachuchumaa na vyuma mabegani, macho yakaingia giza ikabidi akae sakafuni. Programu ya simu ilimpangia mafuta asilimia 75, protini 20, wanga 5. Nikamwuliza: asilimia 75 ya nini? Alinitazama tu.

Asilimia peke yake haina uzito. Protini asilimia 20 ya kilokalori 2,400 ni gramu 120. Ya kilokalori 1,200, ambazo ndizo daftari lake lilizokuwa linaonyesha siku nyingi, ni gramu 60. Asilimia ni ile ile, protini imekatika nusu, na programu inaendelea kumpigia makofi.

Kwa hiyo mimi huanza na protini, tena kwa gramu. Mtu asiyefanya mazoezi hutosheka na gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili wake. Anayekimbia au kunyanyua vyuma mara tatu nne kwa wiki anahitaji gramu 1.2 hadi 2.0, na kama anapunguza uzito asikae upande wa chini, maana mwili ukipewa chakula pungufu hauchomi mafuta tu, hula na misuli. Mwenye uzito uliozidi sana apige hesabu kwa uzito anaoulenga. Dada huyu ana kilo 80, analenga 70. Sabini mara 1.6 ni 112, tukaandika 110.

Gramu 110 si mchezo. Yai moja lina 6. Gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa zina kama 30, samaki 25 hivi. Dagaa wakavu, ambao watu wanaona haya kuwapeleka mezani mbele ya wageni, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Maharage nayo yamo, ila yahesabiwe pande zote mbili: kikombe kimoja kilichopikwa kina protini kama gramu 15 na wanga unaokaribia 40.

Kisha ndipo tunagusa wanga. Mlo wenye wanga chini ya gramu 130 kwa siku huhesabiwa kuwa wa wanga kidogo. Ukishuka chini ya 50 umeingia kwenye keto. Baina ya namba hizo mbili pana nafasi kubwa, na kinachoamua ukae wapi ni aina ya mazoezi yako. Kwa kutembea au kuendesha baiskeli taratibu, mwili huunguza mafuta bila taabu. Kwa vyuma vizito, mbio za kasi au mpira, misuli hutaka glaikojeni, yaani wanga uliowekwa akiba: gramu kama 100 kwenye ini na kama 400 kwenye misuli. Kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Ukiimaliza, kilo mbili hivi zinaondoka bila kitambi kuguswa. Sehemu kubwa ya zile kilo tatu za furaha ilikuwa maji.

Na maji hayakuondoka peke yake. Wanga ukipungua, insulini hushuka, na figo huanza kuachia chumvi. Ndiyo sababu wengi huumwa kichwa na kuona kizunguzungu wiki za mwanzo. Asiye na presha wala ugonjwa wa figo, bakuli la supu yenye chumvi ya kawaida humsaidia kuliko vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa jimu.

Kwa wanaoshindana nina msimamo mkali zaidi. Mwaka 2017, Louise Burke na wenzake wa Australia walichapisha utafiti juu ya wanariadha wa kutembea kwa kasi. Waliokula mafuta mengi na wanga kidogo sana walijifunza kuunguza mafuta kwa kiwango kikubwa, lakini walitumia oksijeni nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, na muda wao wa kilomita 10 haukuboreka kama wa wenzao waliokula wanga. Wakimbiaji wa Kenya waliopimiwa chakula chao katika utafiti wa mwaka 2004 walipata zaidi ya robo tatu ya nishati yao kutoka kwenye wanga, ugali ukiwa mbele. Ukijiandaa kwa mbio za kilomita 21, ule ugali wako. Anayetaka kupunguza kitambi huku akienda jimu mara tatu kwa wiki, gramu 100 hadi 130 zinamtosha.

Dada tulimwekea 100. Nikachukua mizani ya jikoni, tukaagiza ugali kwa mama lishe wa jirani na kuuweka juu yake: gramu 380. Ugali mgumu una wanga kama gramu 25 hadi 30 katika kila gramu 100. Sahani moja ya mchana, wanga wa siku nzima! Hatukuufuta. Tulikata kipande cha gramu 120, kikapangiwa siku za vyuma tu, saa mbili kabla ya mazoezi. Kinachobaki kwenye 100 kinatoka kwenye maharage, matunda na mboga.

Mafuta huja mwisho, kujaza pengo. Kwa urefu wake wa sentimita 162, fomula ya Mifflin inampa kilokalori 1,460 hivi akiwa amepumzika. Ukizidisha kwa 1.4 kwa ajili ya kazi ya ofisini na mazoezi, unapata 2,050. Tukapunguza 350, zikabaki 1,700. Protini inachukua 440, wanga 400. Zinabaki 860, na kwa kuwa gramu ya mafuta ina kilokalori 9, hizo ni gramu 95. Hapo ndipo ukomo, si deni la kulipwa kila siku. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni gramu 14, na tui zito la mchicha wake lilikuwa halijahesabiwa hata siku moja. Uzito ukigoma kushuka, punguza hapa, protini iache. Kahawa yenye siagi inayosifiwa mitandaoni nayo imo kwenye hesabu hii, hata kama anayeisifu ana tumbo bapa.

Wala wanga kidogo si dawa ya ajabu. Utafiti wa Stanford wa mwaka 2018, uliofuata watu 609 kwa miezi 12, uliwakuta waliopunguza wanga wamepungua wastani wa kilo 6.0, na waliopunguza mafuta kilo 5.3. Kitakwimu, tofauti hiyo haikuwa na uzito.

Kama una kisukari na unatumia insulini au glibenklamaidi, usipunguze wanga kabla ya kuonana na daktari wako. Dozi iliyopangwa kwa ajili ya sahani ya ugali inaweza kukuangusha siku ambayo ugali haupo.