Je, Wajua? Kadi Iliyokataa Kusomwa

Je, wajua kwamba kadi ya memori ambayo kompyuta imekataa kuisoma aghalabu ingali na picha zake zote? Kilichoharibika huwa ni faharasa tu, mithili ya kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo ilhali sura zake zimo.

• Kompyuta ikikuomba uifomati, usikubali kwa pupa. Walakini ukikubali, usikate tamaa, kwani kufomati kwa haraka hufuta faharasa na kuziacha picha, hadi nyingine mpya ziandikwe juu yake.

• Kile kifungio kidogo kilicho ubavuni mwa kadi ya SD ni plastiki tupu, kisichoungana na saketi yoyote ndani ya kadi. Kifaa cha kusomea ndicho kinachohisi kimekaa wapi.

• Kifaa cha kusomea kilichoundwa kabla ya kadi za SDHC kuja mwaka 2006 hakiwezi kuisoma kadi ya GB 32, ijapokuwa huingia tunduni barabara.

• Kadi ya SD ya kawaida ina vibamba 9 vya madini mgongoni. Taka kidogo ya vidole juu yake huweza kuinyamazisha, na kitambaa laini, kikavu, kikairejeshea kauli.