Jumuiya Ndogo Ndogo na Wema wa Kila Siku

Mafundisho ya Kikristo kuhusu wema hayamtaki muumini aanze na mambo makubwa. Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, inayoeleza hukumu ya mwisho, watu wanapimwa kwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wa karibu kila mmoja: kumlisha mwenye njaa, kumnywesha mwenye kiu, kumkaribisha mgeni, kumvika aliye uchi, kumtazama mgonjwa na kumtembelea mfungwa. Mapokeo ya Kanisa yaliongeza kuwazika wafu, tendo linalosifiwa katika Kitabu cha Tobiti, na yote yakaitwa matendo saba ya huruma ya kimwili, yaani huduma zinazohusu mahitaji ya mwili wa binadamu.

Hata hivyo, nia njema hupoa upesi isipopata utaratibu wa kuitegemeza. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), uliosisitiza kwamba Kanisa ni watu wa Mungu wote wala si makasisi peke yao, maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki, walikubaliana mwaka 1973, na kusisitiza tena mwaka 1976, kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Nchini Tanzania, Askofu Christopher Mwoleka wa Jimbo la Rulenge alizitetea kwa moyo wote, kwa kuwa aliuona Utatu Mtakatifu, ambamo Nafsi tatu za Mungu hushirikiana yote, kuwa kielelezo cha namna binadamu wanavyopaswa kuishi, na kwa sababu hiyo akayaunga mkono maisha ya vijiji vya Ujamaa, ambamo watu walihimizwa kuishi na kufanya kazi kwa pamoja.

Utendaji wa jumuiya ni rahisi kuueleza. Kwa kawaida wanajumuiya hukutana mara moja kwa wiki, husoma Injili, hutafakari, kisha huulizana habari za mtaa: nani anaugua, nani amefiwa, nani amejifungua, na mtoto wa nani amekosa daftari. Hapo hupangwa watakaokwenda kumwona mgonjwa, na mchango hukusanywa kulingana na uwezo wa kila mmoja. Kwa njia hiyo shida hujulikana mapema kabla haijawa janga, mzigo haumwelemei mtu mmoja, na anayesaidiwa haoni aibu, kwa kuwa anajua kwamba siku nyingine yeye ndiye atakayeombwa kumbeba mwenzake.

Hatari iliyopo ni wema huo kuishia kwa waliosajiliwa, jambo linalopingana na mfano wa Msamaria Mwema katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, ambamo majeruhi anaokolewa na mtu wa jamii iliyodharauliwa na watu wa huyo majeruhi. Katika mitaa ambamo Wakristo na Waislamu hutumia kisima kimoja na huzikana, jumuiya inayoishi imani yake haiwezi kuuliza dini ya mgonjwa kabla ya kumpelekea uji. Kwa hiyo uhai wa jumuiya haupimwi kwa mahudhurio ya sala peke yake, bali pia kwa ujasiri alio nao jirani asiyesali humo wa kubisha hodi anapopatwa na shida.