Muwati wa Urembo: Maua Uani, Si Magugu Shambani

Wakulima wa skimu wanaujua muwati wa magome, ule wenye asili ya Australia ulioletwa Kenya mwaka wa 1903, ambao magome yake hutumika kutengenezea ngozi. Uko na muwati mwingine, mdogo zaidi, unaopandwa kwa urembo. Wataalamu huuita Acacia podalyriifolia, na asili yake ni Queensland, huko huko Australia. Majani yake hung'aa kama fedha, na maua yake ni vidonge vya manjano vyenye harufu nzuri.

KUOTESHA. Ganda la mbegu ni gumu. Chemsha maji, epua sufuria, kisha tia mbegu na uziache humo mpaka kesho yake. Zilizovimba ndizo za kupanda. Tia mbili katika mkebe uliotobolewa chini; zikiota zote, ng'oa mche dhaifu. Mche ukifika shubiri moja, uhamishe mvua zikianza. Ukikawia mkebeni mizizi hujisokota.

MAHALI. Chagua penye jua na pasipotuama maji, futi 15 kutoka nyumbani, kwa maana mizizi yake ni ya juu juu na upepo mkali huweza kuuangusha. Usiupande kando ya mto. Penye sakitu, funika mche usiku. Samadi nyingi haina haja: kama maharagwe, mizizi yake ina vifundo vinavyoupatia chakula kutoka hewani.

KUPOGOA. Hapa ndipo penye kazi. Maua yakinyauka, kata ncha za matawi kabla maganda hayajakomaa. Hivyo mti utafanya kichaka kizuri, na mbegu hazitaanguka. Lakini usikate mpaka kwenye tawi la zamani lisilo na majani, kwani huenda lisichipue tena.

Mbegu zikianguka hulala udongoni miaka mingi; moto ukipita, au jembe likifukua, miche huchomoza kwa wingi. Mwenye ekari chache hawezi kugawana malisho ya ng'ombe wake na kichaka, wala jirani yake hatafurahi. Basi kila mvua zikinyesha, zunguka uani na mpakani, ung'oe miche ingali midogo, pamoja na mizizi yake.

Muwati huu hauishi sana, yapata miaka 10 tu. Ukizeeka, ukate upate kuni, na mwingine uwe tayari mkebeni.